Anayeyaita maziwa ni mtoto mwenyewe

Lalamiko moja husikika karibu kila juma katika kliniki za hapa Kitengela. Mama anaingia na mtoto wa mwezi mmoja, miwili au mitatu, na kabla hajaketi vizuri anasema: "Daktari, maziwa yamekauka." Aghalabu huwa amekwisha kununua mkebe wa maziwa ya unga, au ameshauriwa na jirani amwanzishie mtoto maziwa ya ng'ombe yaliyozimuliwa kwa maji. Anachotaka kwa daktari ni dawa ya kuyarudisha maziwa yake.

Akichunguzwa, mara nyingi matiti yake hayana kasoro yoyote. Kilichopungua ni kunyonywa. Mtoto ananyonya mara tatu au nne kwa siku, usiku anapewa chupa ili mama apumzike, na chupa hiyo ndiyo inayoyapunguza maziwa ambayo mama anayatafuta.

Jambo hili si dogo. Nyumba nyingi za Kitengela hununua maji kwa mitungi kutoka kwa wachuuzi, na si kila mtungi unaojulikana ulikojazwa. Maziwa ya unga yakikorogwa kwa maji yasiyochemshwa, au yakizimuliwa kupita kiasi ili mkebe ufike mwisho wa mwezi, mtoto huharisha na kukonda. Watoto wa namna hii tunawaona. Wengi wao walikuwa na mama mwenye uwezo wa kuwanyonyesha.

Cha ajabu ni kwamba ukifuata barabara ya Namanga kupita Isinya hadi viunga vya Kajiado, utawakuta akina mama wafugaji ambao huenda hawajawahi kusikia neno homoni, lakini kanuni ya maziwa wanaijua vilivyo. Alfajiri mama wa Kimaasai hamwendei ng'ombe moja kwa moja na kibuyu chake. Kwanza humfungulia ndama. Ndama hukimbilia kwa mamake, akasukuma kiwele kwa kichwa, akanyonya kidogo. Maziwa yanapoanza kushuka, ndipo mama anapokamua chuchu za upande mmoja huku ndama akiendelea na za upande wa pili, au akiwa amefungwa pale pale ng'ombe anapoweza kumwona na kumnusa. Bila ndama, ng'ombe wa kienyeji huweza kuyafunga maziwa hata ukamkamua hadi vidole vikaingia ganzi.

Ndama akifa, wafugaji wa sehemu nyingi za Afrika Mashariki na kwingineko wamezoea kuichuna ngozi yake na kuiweka mbele ya ng'ombe ainuse wakati wa kukamuliwa. Mgeni huweza kudhani ni ushirikina. Mwenye kusomea fiziolojia hutambua mara moja kwamba ni sayansi.

Sayansi yenyewe ni hii. Katikati ya kichwa, chini ya ubongo, kuna tezi ndogo kama punje ya njegere iitwayo pituitari. Juu yake kuna sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi ambayo huiamuru tezi hiyo. Kinywa cha mtoto kinapoishika chuchu na kuivuta, mishipa ya fahamu hupeleka habari kupitia uti wa mgongo hadi huko juu. Majibu hurudi kwa njia ya damu yakiwa homoni mbili, na kila moja ina kazi yake.

Ya kwanza ni prolaktini. Hii ndiyo inayoziamuru chembe za ndani ya titi kutengeneza maziwa. Wakati wa kawaida ubongo huifungia breki kwa kemikali iitwayo dopamini. Mtoto akinyonya, breki inalegea na prolaktini inapanda, ikafika kileleni karibu nusu saa hadi dakika 45 baada ya mtoto kuanza. Hivyo basi, kazi yake kubwa si maziwa anayoyanyonya mtoto sasa hivi, bali yale atakayoyanyonya baadaye. Mtoto aliye kifuani saa hii anaagiza mlo unaofuata.

Ya pili ni oksitosini. Maziwa yaliyokwisha kutengenezwa hukaa ndani ya vifuko vidogo sana, na kila kifuko kimezungukwa na nyuzi za misuli. Oksitosini huzikaza nyuzi hizo, nazo hukamua maziwa kuelekea kwenye chuchu. Akina mama wengi huisikia kazi yake kama mchomo mwepesi au kujaa ghafla, na titi la pili hudondoka wakati mtoto yuko kwenye la kwanza. Ni homoni hiyo hiyo inayoubana mji wa mimba, na ndiyo sababu mama aliyejifungua jana husikia tumbo likimkata kila anyonyeshapo. Maumivu hayo yana faida, maana yanasaidia kupunguza kuvuja damu. Sindano anayochomwa mama mara tu mtoto anapozaliwa ili damu isimwagike kwa kawaida ni oksitosini iliyotengenezwa kiwandani. Mwanakemia Vincent du Vigneaud wa Marekani ndiye aliyefaulu kuiunda kwenye maabara mwaka 1953, na miaka miwili baadaye akapewa Tuzo ya Nobel.

Kati ya homoni hizi mbili kuna tofauti ambayo kila mama angefaa kuijua. Oksitosini huweza kuitwa hata kabla ya mtoto kunyonya. Mama akimsikia mtoto analia chumba cha pili, blauzi inalowa. Ng'ombe wa gredi aliyezoea kukamuliwa akisikia mlio wa ndoo, matone huanza kuanguka. Ngozi ya ndama nayo hufanya kazi kwa njia hii hii. Lakini prolaktini ya mama haiitwi kwa sauti wala kwa harufu. Hiyo hutaka chuchu yenyewe ivutwe. Mama anayemsikia mtoto analia akampa chupa, maziwa yake yatadondoka, ila agizo la maziwa ya kesho halikutolewa.

Wanyama hawafanani katika jambo hili. Mama sungura hunyonyesha watoto wake mara moja tu kwa siku, dakika chache, kisha huenda zake. Nguruwe hunyonyesha karibu kila saa, na hata hivyo maziwa hutoka kwa sekunde 20 hivi tu. Watoto wake lazima kwanza wakisugue kiwele kwa pua kwa dakika kadhaa, na asiyekuwa mahali pake wakati maziwa yanaposhuka hukosa zamu. Kwa ng'ombe, homoni ya ukuaji ina sehemu kubwa zaidi kuliko prolaktini katika kuyadumisha maziwa, na ng'ombe wa gredi wamechaguliwa kizazi baada ya kizazi hadi wengi wakakubali mkono au mashine pasipo ndama. Sahiwal na zebu bado humtaka ndama. Binadamu yuko karibu na zebu kuliko anavyopenda kukiri, na maziwa yake ni mepesi, yaani ya mtoto wa kunyonya mara nyingi. Mara 8 hadi 12 kwa siku katika miezi ya kwanza ni kawaida, usiku ukiwemo.

HOFU

Mfugaji mzuri hapigi kelele mahali pa kukamulia. Mbwa hufukuzwa, watoto huambiwa wanyamaze, na ng'ombe huongeleshwa kwa upole au kuimbiwa. Sababu yake ilionyeshwa mwaka 1941 na watafiti wawili wa Marekani, Ely na Petersen. Walimtia ng'ombe hofu kwa kumwekea paka mgongoni na kupasua mifuko ya karatasi kando yake, na maziwa yakakataa kutoka. Walipomdunga ng'ombe homoni ya hofu, adrenalini, bila kumtisha, maziwa yalizuilika vile vile.

Mwaka 1948 Michael na Niles Newton, pia wa Marekani, walijaribu jambo kama hilo kwa mama anayenyonyesha. Siku nyingine aliachwa atulie, siku nyingine alisumbuliwa kwa kutiwa miguu katika maji ya barafu, kuvutwa vidole vya miguu hadi viume, au kuulizwa hesabu ngumu na kuadhibiwa alipokosea. Siku za utulivu mtoto alipata wastani wa gramu 168 za maziwa kwa mnyonyo mmoja. Siku za usumbufu alipata 99. Mama aliposumbuliwa lakini akadungwa oksitosini, mtoto alipata 153.

Hesabu hizo zinaeleza jambo kubwa. Maziwa yalikuwamo matitini siku zote. Yaliyokosekana ni ruhusa ya kutoka.

Sasa mfikirie mama aliyejifungua kwa upasuaji, ana maumivu, kodi ya nyumba imefika, na mama mkwe ameketi kando yake akiuliza kila mara mtoto anyonyapo, "Una hakika anashiba?" Mama huyo anakalishwa ndani ya maji ya barafu kila baada ya saa mbili. Mtoto anavuta, maziwa yanachelewa, mtoto analia, mama anazidi kuogopa, na jamii nzima inakubaliana kwamba hana maziwa. Dawa ya kwanza hapa ni kumwondolea maumivu kwa dawa zinazofaa (paracetamol haina shida), kumpa mahali patulivu, na mtoto alazwe kifuani ngozi kwa ngozi. Mavyaa wanaotaka kusaidia wanaweza kufua nguo na kupika. Msaada huo huongeza maziwa kuliko supu yoyote, ingawa supu nayo haidhuru.

Kuna na jambo la tatu, mbali na homoni zinazotoka kichwani. Titi lenyewe hujua kama limekamuliwa. Maziwa yakibaki ndani muda mrefu, chembe zake hupunguza kazi, kila titi kivyake. Hii ndiyo maana titi ambalo mtoto halipendi huwa dogo, na ndiyo maana ushauri wa "subiri matiti yajae kwanza" ni ushauri mbaya. Titi lililojaa linatengeneza polepole, na lililokamuliwa linatengeneza upesi.

KAZINI

Wakazi wengi wa Kitengela hawafanyi kazi Kitengela. Mama anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kuelekea viwanda vya Athi River, Mlolongo au Industrial Area ya Nairobi, na hurudi saa moja jioni. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa likizo ya uzazi ya miezi 3 yenye mshahara kamili, lakini kibarua wa siku aghalabu hurudi kazini mapema zaidi. Saa 14 bila chuchu kuguswa ni muda mrefu mno kwa homoni tunazozizungumzia. Baada ya majuma mawili ya ratiba hiyo, mama anasema kweli anaposema yamepungua.

Wengi hawajui kwamba Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri aweke chumba cha kunyonyeshea, na impe mama muda wa kunyonyesha au kukamua, mbali na muda wa chakula, usiozidi jumla ya saa 1 kwa kila saa 8 za kazi. Muda huo huhesabiwa kuwa ni wa kazi. Mama aulize kwa upole, akiweza pamoja na wenzake, kwa maana ombi la mtu mmoja husahaulika.

Kama hakuna chumba, mkono unatosha. Nawa kwa sabuni, kanda titi kuelekea mbele, weka kidole gumba juu na vingine chini nyuma ya duara jeusi, sukuma kuelekea kifuani kisha bana. Usivute chuchu yenyewe. Picha ya mtoto au nguo yenye harufu yake husaidia oksitosini, na msomaji asicheke, kwani ni ile ngozi ya ndama. Kamua kila baada ya saa 3, hata kama kinachotoka ni kidogo, maana lengo si kujaza kikombe tu bali kupeleka agizo. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa 4 katika chumba kisicho na joto jingi, saa 24 katika chombo chenye barafu, na siku 4 katika friji. Yasichemshwe. Weka chombo ndani ya bakuli la maji ya moto yapate uvuguvugu, na mtoto anyweshwe kwa kikombe, si kwa chupa yenye chuchu ambayo humzoesha kuvuta kwa namna nyingine.

Halafu kuna usiku. Prolaktini hupanda zaidi usiku kuliko mchana, na mama anayefanya kazi mchana kutwa akalala na mtoto karibu naye akimnyonyesha jioni, usiku na alfajiri huweza kuendelea kwa miezi mingi. Yule anayempa mtoto chupa usiku ili apate usingizi ndiye anayekatiza agizo wakati linaposikika vizuri zaidi. Nafahamu ni ushauri mgumu kwa mtu anayeamka saa kumi. Ndiyo sababu baba naye ana wajibu: ambebe mtoto ambeue, ambadilishe nepi, na asubuhi achemshe chai mwenyewe.

Hata mama aliyekwisha kuacha kwa juma moja au mawili anaweza kurudi. Amweke mtoto kwenye matiti yote mawili mara 10 au zaidi kwa siku, akamue baada ya hapo, na maziwa mengine anayompa ayapunguze polepole kadiri mtoto anavyoongeza uzito, akipimwa kliniki kila juma. Huchukua siku kadhaa, pengine majuma.

Kitaifa tumepiga hatua. Katika utafiti wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2003, ni watoto 13 tu kati ya 100 walio chini ya miezi 6 waliokuwa wakipewa maziwa ya mama pekee. Mwaka 2014 walifika 61. Mwaka 2022 walikuwa 60, maana yake tulisimama pale pale kwa miaka minane. Kwa maoni yangu, mama wa mjini anayerudi kazini ni sehemu ya sababu.

UZAZI

Kunyonyesha huzuia pia mimba, na hapa tena anayefanya kazi ni mtoto. Habari zinazotoka kwenye chuchu huvuruga mapigo ya homoni ambazo haipothalamasi hutuma ili yai lipevuke. Wafugaji wa Kajiado hulijua hili kwa ng'ombe: anayenyonywa na ndama wake kila wakati huchelewa kutaka dume. Kwa binadamu, wataalamu waliokutana Bellagio, Italia, mwaka 1988 walikubaliana kwamba kinga hufikia asilimia 98 iwapo mambo matatu yako pamoja: mtoto hajafikisha miezi 6, hedhi haijarudi, na mtoto ananyonya mchana na usiku bila kupewa chakula au maziwa mengine. Moja likikosekana, mama atafute njia nyingine. Tembe zenye estrojeni hupunguza maziwa, hivyo mama anayenyonyesha humfaa zaidi kifaa cha ndani ya mji wa mimba, vijiti vya mkononi au tembe za projesteroni pekee.

Mama mwenye virusi vya ukimwi anayemeza ARV ipasavyo hunyonyesha kama wengine, miezi 6 ya kwanza maziwa yake pekee, akifuatwa na kliniki yake.

Wapo wachache ambao kweli hawana maziwa, na hao wasilaumiwe. Mama aliyemwaga damu nyingi mno wakati wa kujifungua huweza kuumia tezi ya pituitari yenyewe kwa kukosa damu. Huyo maziwa hayaji kabisa, hedhi hairudi, na huwa mchovu na mwenye kuhisi baridi daima. Huu ni ugonjwa wa kutibiwa hospitalini, nao mara nyingi hugunduliwa baada ya miaka kwa sababu kila mtu alidhani ni uvivu. Kipande cha kondo la nyuma kilichobaki tumboni nacho huzuia maziwa yasishuke siku ya pili hadi ya nne kama inavyotakiwa, kwa kuwa projesteroni haijaanguka. Upasuaji wa titi na ugonjwa wa dundumio huweza kuleta shida pia.

Kuhusu dawa, tafadhali usinunue tembe za kuongeza maziwa kwenye duka la dawa kwa kuambiwa na rafiki. Zile zinazouzwa kwa kazi hiyo hulegeza breki ya dopamini, lakini nyingine huathiri mapigo ya moyo au kumletea mama huzuni nzito, na hazina maana kama mtoto hanyonyi. Kinyume chake, dawa za mafua zenye pseudoefedrini huweza kupunguza maziwa. Mwambie mwenye duka kwamba unanyonyesha kabla hajakufungia chochote.

Mama anayetaka kujua kama mtoto anashiba asitazame ukubwa wa matiti wala kilio peke yake. Ahesabu nepi. Kuanzia siku ya tano mtoto anayeshiba hulowesha nepi 6 au zaidi kwa siku, mkojo wake hauna rangi nzito, na kufikia majuma mawili huwa amerudia uzito aliozaliwa nao. Asiyelowesha nepi, anayelala mno hadi kuamshwa kunyonya, ambaye macho yake yanazidi kuwa ya manjano au ambaye utosi wake umebonyea, apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo, na mama aendelee kumnyonyesha njiani.